Sampuli Isiyo na Jina

Vijana wenzangu wa maabara, mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau, au kabla ninyi hamjanisahau mimi. Vyeo sitavitaja, barua zake zimo katika faili langu, na anayezitaka anajua kabati lilipo. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kisa kimoja nilichokifikiria kuliko vingine vyote bila kukielewa hadi mwisho wake. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mama mwenye kisa ameniruhusu, kwa kinywa cha binti yake, kukisimulia kwa sharti moja: kisomwe na watu wa maabara tu, ambao kwa maoni yake hawana aibu tena.

Nilianza Bunda. Nilikuwa nimetoka seminari, nilikosoma Kilatini kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba sina wito wa upadre. Katika maabara, Kilatini kilinifaa kwa jambo moja tu, nalo ni minyoo: hao ndio viumbe pekee walioendelea kuitwa kwa lugha niliyofundishwa. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji, hadubini moja, sinki lililovuja, na dirisha lililotazama barabara ya Mwanza, ambako malori ya pamba yalipita na kutikisa vioo vyote vya kazi. Tulijifunza kuhesabu vimelea kati ya lori na lori.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Manyama, mtu mfupi, mwenye koti jeupe lililokuwa na madoa ya rangi zote isipokuwa nyeupe. Siku yangu ya kwanza alinipa kinyesi cha mtoto aliyeharisha kila aliponyweshwa maziwa ya unga, akaniagiza nitafute sukari. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: unachukua majimaji ya kinyesi, unayachanganya na maji ya buluu ya Benedikti ndani ya neli ya kioo, kisha unachemsha juu ya taa ya spiriti. Sukari isipokuwepo, buluu hubaki buluu. Ikiwepo, rangi hugeuka kijani, halafu njano, na ikizidi hufikia rangi ya tofali. Mimi nilichemsha kwa bidii ya mtu aliyetoka seminari. Neli ilitema vyote vilivyokuwemo hadi darini.

Mzee Manyama aliitazama dari. Kisha aliniuliza kama mtoto yule ni wa dari au ni wa mama aliyekaa nje, kwa sababu majibu ya dari yalikuwa yamepatikana. Nikaomba sampuli nyingine.

Kutoka kwake nilijifunza kushika neli kwa kuiinamisha na kuielekeza mbali na watu, na kuandika kila kitu kwa kalamu ya wino. Nilijifunza pia jambo ambalo sikulielewa wakati ule: watoto wengi wa huku kwetu, waliozaliwa katika nyumba zenye ng'ombe na kunyweshwa maziwa tangu wapate meno, hunywa maziwa mabichi bila shida, na wengine, wa ukoo uleule na zizi lilelile, huvimba tumbo kwa kikombe kimoja. Nilimuuliza sababu. Alisema ndani ya utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Wengine hubaki nacho hadi uzeeni, wengine hukipoteza wakikua. Nikauliza kwa nini kimpotee huyu na si yule. Alinijibu kwamba yeye ni mtu wa maabara, maswali ya kwa nini yanapokelewa jengo la pili, kwa madaktari.

Baada ya Bunda nilipelekwa Butiama. Huko kazi yangu kubwa ilikuwa malaria na minyoo, na safari za mkoba za kupimia watu vijijini, nikiwa na hadubini imefungwa kwa khanga ndani ya sanduku la mbao. Sitazieleza zote. Ninachotaka mkijue ni kwamba Butiama ndiko nilikoona jinsi maziwa yanavyotawala nyumba. Asubuhi maziwa ya moto, mchana mgando kutoka kwenye kibuyu. Mama mwenye ng'ombe huwa na watu wa kuwagawia, na kwa hiyo huwa na watu. Nilidhani nimelielewa jambo hilo. Nililielewa kama mtu anavyoelewa ramani ya mahali asipowahi kulala.

Miaka ya mwisho nilikuwa Musoma, mkuu wa maabara katika hospitali ambayo sitaitaja. Ndipo ilipokuja mashine. Wengi wenu hamjafanya kazi bila mashine ya kemia, kwa hiyo hamwezi kujua mshangao wetu wa kuweka neli kwenye sahani inayozunguka, kubonyeza, na kwenda kunywa chai. Pamoja nayo ulikuja mradi mdogo wa kupima upungufu wa kile kimeng'enya cha maziwa bila sindano na bila kuingiza mpira tumboni. Mgonjwa hufika bila kula, hunywa unga wa sukari maalumu uliokorogwa kwenye maji, kisha hukusanya mkojo wake wote kwa muda wa saa tano mfululizo. Kimeng'enya kikiwepo, sukari ile huvunjwa, na sehemu yake moja hutokea kwenye mkojo. Mashine hupima sehemu hiyo kwa rangi, huzidisha kwa ujazo wa mkojo wote, na kutoa namba moja. Namba ikiwa ndogo, kimeng'enya kimepungua. Neno muhimu katika maelezo yale, na ninaliandika tena kwa makusudi, ni *wote*.

Mimi niliongeza utaratibu wangu. Sikutaka mtu yeyote katika maabara ajue mkojo ni wa nani, ili asije akasoma majibu kwa jicho la kujuana. Kila chombo kilipewa namba tu. Dirishani pa kupokelea, kijana wetu Magesa alipima ujazo, akauingiza kwenye kompyuta pamoja na namba, basi. Niliwakataza kumzungumzia mgonjwa yeyote, kwa jina au kwa ishara. Nilijivunia sana utaratibu huo. Magesa alikuwa amehamia kwetu miezi mitatu tu kabla, mtu mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri, na aliufuata kuliko wote.

Mgonjwa ninayetaka kumsimulia alikuwa Bibi Wegesa, mjane wa Butiama. Alikuwa na ng'ombe wanne na ndama wao, na tumbo lililomsumbua asubuhi. Mwanawe mkubwa, Yohana, mfanyabiashara wa Bunda, alikuwa ameamua kwamba maziwa ndiyo yanayomuua mama yake. Alimwambia Daktari Neema, aliyekuwa msimamizi wa mradi, waziwazi: mkithibitisha, ng'ombe wanakwenda kwa ndugu yetu Bukima, na mama anahamia kwangu mjini, nyumba ina umeme na haina kinyesi cha ng'ombe. Mama alisema hataki. Wakakubaliana kwamba kipimo kiamue. Hivyo ndivyo namba itokayo kwenye mashine yangu ilivyopewa kazi ambayo haikuiomba: kuamua mwanamke yule azeekee wapi.

Alikuja na binti yake, Mugaya, aliyekuwa ameolewa hapahapa Musoma. Nilisikia kwa Daktari Neema kwamba mama amelala kwa muumini mwenzake wa kanisa huko Makoko ili awahi asubuhi. Ana binti mjini, naye analala kwa watu baki. Nilisikia, na sikujiuliza chochote.

Majibu yalitoka madogo, madogo kabisa. Nilitia sahihi. Yohana alipewa karatasi, akaanza kutafuta lori.

Bibi Wegesa hakubishana na mwanawe. Alimwendea Daktari Neema, akamwambia amekunywa maziwa tangu enzi za bibi yake, na kwamba anaomba kipimo kirudiwe, kwani hata padre hurudia sala. Tukarudia wiki iliyofuata. Siku ile Magesa nilikuwa nimemtuma Bunda kufuata vitendanishi, zile kemikali za kupimia, na dirishani alikaa muuguzi wa kike tuliyemwazima wodini. Majibu yalitoka makubwa: kimeng'enya kipo, tena cha kutosha.

Daktari Neema alikuja na karatasi zote mbili mezani kwangu. Aliniuliza kwa upole aandike ipi. Nilimwambia anipe muda.

Nawaambia kweli, siku zile sikuwa na raha. Niliisawazisha mashine upya. Nilipitisha sampuli za udhibiti, zile ambazo majibu yake yanajulikana, na zote zikasoma inavyopaswa. Nilibadilisha maji, nikakagua mirija, nikahakiki tarehe za vitendanishi, nikapima mkojo wangu mwenyewe mara tatu nikipata namba ileile. Mashine haikuwa na kosa. Mwanamke naye hawezi kupoteza kimeng'enya wiki hii na kukiokota wiki ijayo. Nikaagiza kipimo cha tatu. Magesa alikuwa amerudi. Majibu yakatoka madogo.

Hapo nilifanya kilichopaswa kufanywa siku ya kwanza. Mashine zenu zinaonyesha namba moja ya mwisho, nzuri, iliyopigiwa mstari. Lakini nyuma ya ukurasa ule kuna ukurasa mwingine, wenye namba ambazo hiyo ya mwisho imetokana nazo. Niliufungua. Siku ya kwanza na ya tatu, mkojo wa saa tano wa mwanamke aliyenyweshwa maji kwa vipimo haukujaza hata kikombe cha chai. Siku ya pili ulijaza chombo zaidi ya nusu. Na kila siku, kiasi cha sukari katika kila tone kilikuwa karibu sawa. Kama angekuwa amekojoa kidogo kwa kukosa maji, matone yangekuwa mazito. Hayakuwa mazito. Mkojo ulikuwa umepungua baada ya kutoka.

Nilikwenda kwenye benchi la nje, Mugaya na mama yake walikokuwa wakisubiri usafiri. Mama aliponiona alijifunika ushungi na kugeukia ukuta. Nilimsalimu, akaniitikia kupitia ukuta. Nikamwomba Mugaya tusogee pembeni, nikamuuliza kama mama yake aliweka mkojo wote kwenye chombo.

Mugaya alitazama viatu vyake. "Baba, anamwagaga chooni. Anabakiza kidogo cha kupeleka."

"Kwa nini? Aliambiwa wote."

"Alisikia. Ila pale dirishani anakaa mkwe wake."

Nilisimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Niliuliza mkwe yupi. Akasema, "Si Magesa? Ndiye mume wangu, baba. Mimi nilidhani mnajua. Nilidhani ndiyo maana mmemkataza kusema."

Kwa wasiotoka huku, nieleze. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Mwanamke wa umri wa Bibi Wegesa angekubali kufa kabla ya kumkabidhi mume wa binti yake chombo kilichojaa mkojo wake, ili akipime kwa jicho na kukiandika. Lakini alitaka kubaki Butiama na ng'ombe wake, na kipimo ndicho kilichobeba ruhusa hiyo. Basi alitafuta njia ya katikati. Mugaya alinieleza mama alivyomwambia: kikiwa kidogo, na aibu yake inakuwaga ndogo. Alikuwa akiweka chombo pale dirishani, amekifunika kwa leso, kisha anaondoka kabla hakijachukuliwa. Na kwa kupunguza aibu alikuwa akijihukumu mwenyewe kwenda Bunda.

Nilimwita Magesa ofisini na kufunga mlango. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, wakati aliiona leso, aliuona ujazo, na alijua.

"Mzee, ningeanzaje?" alisema. "Nije kwako niseme mkojo wa mama mkwe wangu umekuwa mchache?"

"Ungesema sampuli ina walakini."

"Ungeniuliza nimejuaje. Na wewe ndiye uliyesema sampuli haina jina. Mimi nilishukuru sana kwa hiyo sheria, mzee. Nilikuwa nafumba macho, naandika namba."

Nilitaka kumkaripia, nikakosa pa kuanzia. Alikuwa ametii sheria yangu na sheria ya kwao kwa pamoja, na mgonjwa alikuwa ameanguka katikati ya hizo mbili. Sheria yangu niliitunga ili kujuana kusiharibu majibu. Sikuwa nimefikiria kwamba kujuana kunaweza kuharibu majibu kabla sampuli haijafika kwetu, na kwamba kwa kuficha majina nilikuwa nimejifumba macho mimi, si yeye. Au labda nilikuwa sahihi, na ilikuwa bahati mbaya tu. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi na kila upande una uso wake.

Tulirudia mara ya nne, Butiama, katika zahanati ya karibu na kwake. Mugaya alisimamia mwenyewe, kila tone, na chombo kilisafiri hadi Musoma ndani ya kikapu mikononi mwa Daktari Neema. Magesa nilimpangia kazi ya damu. Majibu yalitoka makubwa, sawa na yale ya siku ya pili. Bibi Wegesa alikuwa na kimeng'enya cha kutosha kunywa maziwa ya zizi zima. Basi tumbo lilimuuma kwa nini? Sijui. Daktari Neema alimtibu vidonda vya tumbo. Mama alisema dawa zimemsaidia, lakini alisema hivyo kwa adabu, jinsi watu wanavyosifia chakula cha ugenini.

Niliandika barua ya kufuta majibu ya kwanza, na kwa kuwa simu ya Yohana haikupokelewa, niliipeleka mwenyewe. Nilifika kwa Bibi Wegesa saa nne asubuhi. Lori lilikuwa limeshaegeshwa uwanjani, nyasi zimetandazwa ndani, na ng'ombe wote walikuwa wamekwisha kupandishwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya zizi tupu, mikono mapajani. Mugaya alisimama nyuma yake. Yohana aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akatoa ile ya kwanza mfukoni na kuziweka sambamba.

"Mzee, shikamoo. Hii ina sahihi yako. Hii nayo ina sahihi yako. Moja inasema mama hana hicho kitu, nyingine inasema anacho. Kilikuwaga kimeenda wapi, Mwanza?"

Dereva alicheka. Mimi nilijua jibu kamili. Lilikuwa na sentensi tatu, lingemridhisha mtu yeyote mwenye akili, na Yohana alikuwa na akili. Lakini ili nilitoe ningelazimika kusimama uwanjani kwa mwanamke yule, mbele ya mwanawe na dereva na majirani waliokuja kuaga ng'ombe, na kusema nini alimwaga, wapi, na kwa kumwonea nani haya. Nilimtazama Mugaya. Alikuwa akitazama viatu vyake tena.

"Kosa ni la maabara," nikasema.

"Kosa gani?"

"Mkojo haukupokelewa inavyotakiwa. Majibu ya kwanza hayafai."

"Nani aliyeupokea?"

"Mimi ndiye mkuu wa maabara."

"Unastaafu lini, mzee?"

Nikamwambia, mwezi wa sita.

"Wanachelewa," akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Ndipo mama yake alipozungumza, bila kunyanyua sauti na bila kututazama. "Yohana. Fungua lori. Ndama wanaungua jua."

Yohana alibaki na karatasi mbili mkononi. Nilidhani atakataa. Kisha alizikunja zote mbili pamoja, akazitia mfukoni, akaenda kuangusha mlango wa lori. Ng'ombe walishuka mmoja mmoja, kwa wasiwasi. Mama aliinuka na kuwatangulia zizini. Hakunishukuru, na nisingetaka anishukuru, maana angelazimika kusema kwa lipi.

Hospitalini nilijaza fomu ya makosa. Ina mstari mmoja ulioandikwa "chanzo", nami niliandika kwa wino: *maabara*. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuandika kwenye karatasi ya kazi neno nisilolijua kuwa kweli. Hili nimelisoma mara nyingi tangu siku ile, na bado sijui kama nilisema uongo ili kuficha aibu ya mama mmoja, au kama ndilo jibu pekee sahihi nililotoa katika kisa kizima. Ninachokijua ni kwamba Yohana alifunga mlango wa lori, akapanda mbele na dereva wake, wakaelekea barabara ya Bunda na nyasi tupu.